Dari Iliyoanguka Jikoni

Thuwaiba mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa baada ya chakula cha mchana kwenda kusukwa, umevaa jaketi langu la kijani bila ya kuniomba, na umesema kwa Kiingereza chako kwamba utarudi kabla ya magharibi. Hali yangu ndiyo usiyoijua. Ndiyo iliyonikalisha hapa jikoni na daftari hili la mistari, jua bado liko dirishani, naandika kama mtoto aliyeingia kwenye mtihani asiousomea.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu cha kuandika unakijua, ni cha kujaza fomu na kukosea. Mie niliishia kidato cha pili, nikaolewa. Wewe Kiswahili unakisikia chote, kunijibu ndiyo hutaki. Lakini kusoma unaweza, nilikufundisha mwenyewe kwa magazeti ya zamani yaliyokuja kutoka Pemba yamefungiwa karafuu na mdalasini. Unasoma polepole, midomo ikicheza. Hii nataka uisome hivyo hivyo, polepole.

Habari za koti zito, na kula, na kupiga simu ukifika, sitaziandika. Tumezisema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Newcastle, huko chuoni unakokwenda kesho, kuna baridi, haya, na huko pia wanaishi watu. Nataka kukwambia habari ya dari.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mwaka jana, mwezi wa nane, zimebaki wiki tano uende chuoni. Tumekaa ukumbini tunakunywa chai, tukasikia jikoni kama mtu kadondosha gunia la mchele. Tulipokwenda, dari ilikuwa imelala juu ya friza na juu ya meza hii hii ninayoandikia, na pale ilipotoka tukaziona boriti za sakafu ya bafu letu la juu. Nyeusi, laini, kama muhogo uliooza. Ulipanda kiti ukatia kidole, kikazama mpaka kwenye fundo. Ukanigeukia ukasema, "Mama, hii si ya leo."

Kweli haikuwa ya leo. Ilikuwa yangu, ila siku ile sikuijua bado.

Kwetu Wete choo chetu kilikuwa na sakafu ya saruji iliyolazwa mteremko mpaka kwenye tundu ukutani. Kila Ijumaa asubuhi bibi yako alimwaga ndoo ya kwanza, akatia sabuni ya unga, akasugua kwa fagio la chelewa mpaka jasho likamtiririka, kisha akamwaga ndoo ya pili, na maji yote yakaenda zao nje kwenye migomba. Alikuwa akisema hataki mgeni atoke chooni kwake ana la kwenda kuwasimulia watu. Nilipokuja London nilikuwa na miaka kumi na tisa, mimba yako ina miezi minne. Lugha sina, njia sizijui, baba yako yuko kazini kutwa. Kitu cha kwanza kilichonifanya nijione bado ni mtu kilikuwa kuosha choo. Fagio nilikuja nalo kwenye begi, limefungwa ndani ya kanga.

Basi miaka kumi na minane, kila Ijumaa, nimemwaga ndoo mbili za maji kwenye sakafu ya mbao iliyovishwa plastiki. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiteleza kwenye lile povu, umevaa chupi tu, unacheka mpaka kwikwi inakushika. Na mie sikuwahi hata siku moja kujiuliza mbona humu hamna tundu, na haya maji yanakwenda wapi. Yakishatoka machoni pangu, kwangu yamekwisha.

Na usidhani sikuambiwa. Nyumba hii ilikuwa ya kaunsili, baraza la mji, na sisi wapangaji wake. Tulipoinunua wewe una miaka minne. Fundi Hamadi alikuja kuitazama, yule Mpemba mwenzetu unayemjua kwa kikohozi chake kabla hujamwona. Akapanda juu, akashuka, akasema, "Mwanakombo, kabla hujanunua kiti wala kabati, tengeneza ile sakafu. Itandikwe kitu kisichopitisha maji." Nikamuuliza bei. Akaitaja, nikaguna. Jumamosi ile ile nikaenda na baba yako kununua friza, lile kubwa la kufungulia juu. Niliona aibu mgeni aje aone nyumba tumeinunua wenyewe na samaki hatuna pa kuwaweka. Mwaka uliofuata yakaja makochi. Halafu mashine ya kufulia ilikufa, nikanunua yenye vifungo vingi ambavyo hadi leo najua viwili. Baba yako akaondoka, wewe una miaka sita, nikabaki na wewe na mkopo, na hapo nikawa na sababu nzuri kabisa ya kutotengeneza sakafu. Kila mwaka nilisema mwakani. Kitu cha kuonekana na watu nilikipatia pesa hata nilipokuwa sina. Cha chini ya miguu yangu sikukipatia.

Bima niliikata kwa sababu waliotukopesha walitulazimisha. Baba yako hakuitaka, alisema ni kujiombea mabaya. Mie niliichukua kwa akili ya kwetu. Kwetu jirani akifiwa unakwenda na mchele wako, akioza mtoto unakwenda na kanga yako, na zamu yako ikifika watu wanakuja bila ya kuitwa. Hakuna anayesimama mlangoni akakuuliza jiko lako limeungua vipi. Basi kila mwezi nilipoona ile pesa imekatwa benki, moyoni nilikuwa nasema nawachangia watu, na siku yangu nao watakuja. Dari ilipoanguka sikuogopa sana. Nilijisemea, haya, siku yenyewe ndiyo hii.

Nilimweleza Zuhura kazini, tunakaanga vitunguu vya chakula cha watoto wa skuli. Zuhura unamjua, Mmombasa yule, na mdomo wake unaujua. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mwanamke wewe! Bima si mjomba'ko. Hao waja kutafuta sababu ya kutokulipa."

"Sasa nifanye nini?"

"Sema paipu imepasuka. Paipu hulipwa. Dada'ngu alilipwa mpaka zulia."

"Lakini haikupasuka."

"Na wewe uliingia ndani ya ukuta ukaona?"

Nikacheka na mie. Lakini nililibeba lile neno mpaka nyumbani.

Yule bwana wa bima alikuja Alhamisi. Alivua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, soksi yake imetoboka kidole gumba, na hapo hapo nikampenda, nikaona mambo yatakuwa mazuri. Kiingereza cha jikoni na cha kwenye basi ninacho. Cha karatasi ni wewe, tangu una miaka minane. Kwa daktari wewe, benki wewe, hata mwalimu alipotuita kukushitaki ni wewe uliyenitafsiria mashtaka yako mwenyewe, na mpaka leo sijui ulipunguza nini. Kwa hiyo ulikaa katikati yetu kama kawaida. Akauliza ilianza lini. Nikakwambia huku namtabasamia yeye:

"Mwambie bomba lilipasuka Jumatatu."

"Mama."

"Mwambie."

"Mama, hakuna bomba lililopasuka."

Ulisema kwa Kiswahili. Wewe, usiyenijibu Kiswahili hata nikikuita kula, siku ile ulinijibu Kiswahili ili yule mtu asisikie.

"Thuwaiba, nyumba itatuangukia hii. Mwambie."

Ukamgeukia ukamwambia. Sauti haikuwa yako. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa miaka minane wa kwa daktari.

Akapanda juu na tochi, tukamsikia anagonga mbao. Aliposhuka hakuuliza tena habari ya bomba. Alikutazama wewe kitambo, hana hasira, kisha akaniuliza mimi, pole pole ili nimfahamu, bafuni huwa tunasafisha vipi. Swali hilo sikuhitaji mkalimani. Na mie mjinga wa Mungu nikafurahi! Nilidhani ameona choo kinavyong'ara. Nikanyanyuka nikaenda kuleta ndoo na fagio, nikamwambia kwa Kiingereza changu mwenyewe, kila Ijumaa, ndoo mbili, naosha kila kitu. Nikamwonesha mpaka mkono unavyokwenda wakati wa kumwaga. Yeye akaandika, akaandika. Wewe ulikuwa unaangalia vidole vyako vya miguu.

Barua yao ulinisomea hapa hapa. Walisema wao hulipa yaliyotokea kwa ghafla, na haya yetu yalitokea kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ulisoma vizuri, ukaikunja, ukasema basi, tutafanya kazi, tutatengeneza. Lakini kulikuwa na mstari mmoja uliouruka. Niliuona siku nyingine, nilipokaa nayo peke yangu na kamusi yako. Waliandika kwamba maelezo waliyopewa ya bomba hayakulingana na kilichoonekana. Ni maneno ya adabu, lakini hata mie nilielewa yanamwita nani mwongo. Hayakuniita mimi. Mie sikusema kitu chochote cha bomba kwa lugha yao.

Hukuniambia. Hukunilaumu. Na mie nikaikunja barua nikairudisha ilipokuwa, na mwaka mzima sijakuomba radhi.

Nakuomba leo. Nisamehe, mwanangu. Dari haikunitia aibu kiasi hicho, mtu asiyejua huharibu. Lakini nilikulea usiseme uongo, halafu nikauchukua ulimi wako nikausemesha uongo wangu mbele ya mgeni, kwa sababu wangu haukuweza. Nilikuwa nakuhofia watu wa nje miaka yote hii, watakufundisha nini, watakuaibisha vipi. Aliyekuaibisha alikuwa amekaa pembeni yako kwenye kochi.

Nimenyanyuka nimekunywa maji. Nimerudi. Liko jengine, na hili ni zito kuliko lile.

Wiki ile ile uliwaandikia chuo wakuwekee nafasi yako mwaka mmoja. Ukaingia kazi duka la viatu. Ulisema, "Siwezi kukuacha na nyumba iko hivi." Nilikwambia usifanye hivyo. Unakumbuka nilivyosema? Nilisema mara moja tu, nimekupa mgongo, naosha vyombo na mfereji wa sinki uko wazi. Nilisema hivyo nikiomba usisikie.

Watu walituonea huruma mwaka ule. Plastiki kwenye dari, bafu halitumiki, chooni tunapita juu ya ubao mmoja kama kuku. Jumamosi tunakwenda kuoga kwa Zuhura, siku nyengine tunachemsha birika mbili tunaoga hapa jikoni kwenye beseni, pazia limefungwa. Ulikuwa unanimwagia maji kichwani kwa kopo, unanisugua mgongo, unanisimulia wateja wa duka, yule mzee aliyejaribu viatu kumi na viwili akaondoka na vyake vya zamani. Ulikuwa ukisimulia kwa Kiingereza na kucheka kwa Kipemba, unacheka kama bibi yako, na mie nimeinama na povu machoni. Nani angenionea huruma mie? Sijapata mwaka mtamu kama ule tangu nije nchi hii.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Baada ya mwaka mpya nilikutana na Fundi Hamadi soko la Barking, mbele ya wauza samaki.

"Mwanakombo, mbona kimya? Nilikwambia nitaanza, utanilipa kidogo kidogo. Mie si mtu baki."

"Ngoja kwanza, Fundi."

"Ningoje nini? Zile boriti zilizobaki nazo zinangoja nini?"

"Thuwaiba ana mitihani."

"Mitihani ya kuuza viatu?"

Nikacheka, nikamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao nikamwambia mwezi ujao. Na wewe ukiniuliza nilikwambia Fundi kazi zimemzidi, hana nafasi. Alikuwa nayo tangu mwezi wa kwanza, Thuwaiba. Mbao alikuwa ameshazinunua, zimelala gereji kwake. Niliyemzuia ni mimi, kwa sababu nilijua sakafu ikiisha na wewe utakwenda.

Sikwambii haya ili unisikitikie, nakwambia ujue mambo yalivyokuwa. Mie nilitoka nyumba ya mama nikaingia nyumba ya mume, na kabla mume hajaondoka wewe ulishafika. Sijawahi kulala nyumba ya peke yangu. Nina miaka thelathini na minane na sijui nikiwa peke yangu napika mchele kiasi gani. Nilikuwa nikikaa kwenye basi kutoka kazini naifikiria siku ile, ufunguo wangu mlangoni na hakuna kiatu chako cha kunikwaza, mpaka kituo changu kinanipita. Basi kila plastiki ile ilipopigwa na upepo, wewe ulikunja uso, na mie nilitulia. Nilisema bado. Bado yupo.

Kilichonitoa huko ni mkono wako.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua imenyesha tangu asubuhi, skuli walituruhusu mapema. Nilikukuta jikoni umesimama juu ya kiti na sare yako ya dukani, umebandika kiganja kwenye ubao wa juu. Unasikiliza. Ukakihamishia ukutani. Ukashuka ukapapasa nyuma ya friza, ukapanda ngazi, nikakusikia juu unafanya hivyo hivyo. Uliporudi chini ndipo uliponiona.

"Unafanya nini?"

"Naangalia tu kama pana unyevu."

"Kila siku?"

"Mvua ikinyesha tu. Na kabla ya kulala."

Ukaenda kutengeneza chai. Na mie nikabaki nimesimama na mfuko wangu wa viazi, kwa sababu ule mkono niliujua. Ndivyo nilivyokuwa nikikupima homa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe una miezi, naamka nakushika kipaji, shingo, tumbo, narudi nalala, naamka tena. Nilikupenda mpaka nikaumwa, lakini nikwambie siri: nilikuwa nikilia kwa kuchoka, namwomba Mungu anipe japo mwaka mmoja wa kuwa msichana tu, nisiwe na kitu cha kukipima homa. Huo mwaka sikuupata. Wewe ulikuwa nao mkononi, na mie nikakuzalia nyumba uilee.

Siku ya pili, kabla ya kwenda kazini, nilimpigia Fundi. Akasema, "Mitihani imekwisha?" Nikamwambia imekwisha, aliyefeli ni mimi.

Alileta bei mbili. Ya kwanza nafuu, mbao mpya na plastiki juu yake kama zamani, na mie niache ndoo, nipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa kama wanavyofanya wenyeji. Ya pili ilinifanya nikae chini. Sakafu isiyopitisha tone, yenye mteremko, na tundu la maji pembeni. Zuhura akasema, "Chukua ya nafuu. Kwani ukipangusa utakufa?" Nilikaa nazo siku tatu hizo karatasi mbili. Safari hii nilijiuliza jambo ambalo sikujiuliza wakati wa friza. Niliacha kujiuliza mgeni ataona nini, nikajiuliza mie nitafanya nini Ijumaa. Najijua. Nitapangusa mwezi mmoja, wa pili nitashikwa na hamu ya kwetu, nitachukua ndoo. Bora nyumba ijengwe kwa mtu anayekaa ndani yake kuliko kwa yule ninayesema nitakuwa. Nikachagua yenye tundu. Leo asubuhi ulipokuwa umelala niliiosha, nikasimama mlangoni nikayatazama maji mpaka tone la mwisho, yalivyokuwa yakizunguka na kuzama. Nimeyaona kwa macho yangu yanakokwenda.

Uliniuliza pesa imetoka wapi. Nikasema Mungu ameleta. Ameleta kweli, lakini njia aliyoleta nilikuficha.

Chumba chako nimekipangisha.

Ni dada mmoja muuguzi, Mtanga, amepata kazi hospitali na amechoka kulala kwa watu. Anaingia keshokutwa, Jumapili. Atakachonipa kitatosha nusu ya ninachomlipa Fundi kila mwezi. Uliponiuliza mwezi wa sita, "Chumba changu kitabaki?", nilisema hakiguswi na mtu. Wakati ule nilikuwa nimeshazungumza naye mara mbili. Vitabu vyako na yale masanduku ya chini ya kitanda nimeyahamishia chumbani kwangu ulipotoka mchana, sikutupa hata karatasi. Ukija likizo tutalala pamoja kitanda changu, na utanipiga mateke kama zamani. Ameniuliza kama anaweza kubadilisha rangi ya ukuta. Nimemwambia angoje nimuulize mwenye chumba.

Na bima niliwapigia mwenyewe. Uko kazini, nimekaa kitandani na daftari nimeandika maneno yangu, muziki wao unapiga nusu saa nzima. Akapokea mwanamke. Nikamwambia nina mpangaji anakuja. Nikamwambia sakafu ya zamani ilioza kwa maji niliyokuwa namwaga mimi, halikuwa bomba, na sasa nimeweka nyengine. Akaniomba nirudie. Nikarudia, pole pole, neno la bomba nikalisema mara mbili. Akaandika, akanishukuru, akaniambia kiasi kilichoongezeka. Kimeongezeka si haba. Nilipoweka simu nilifurahi kama msichana. Hukuwepo katikati. Niliyasema yote bila yako, Thuwaiba, na dunia haikuanguka.

Naandika hili hasa ulione. Utakaa kwenye treni unajiuliza nani atamsomea mama barua, nani atamwambia daktari. Nitasoma na kamusi. Nitakosea. Zuhura atanicheka. Nina hofu na nyumba hii ikiwa kimya, sikufichi, lakini nina tamaa pia, na zamani nilikuwa na hofu peke yake.

Nilinuia kuitia barua hii kwenye begi lako, ndani ya kiatu, uikute umeshafika. Nimeshaikunja mara moja. Halafu nikaona ni mchezo wangu ule ule wa kuacha mambo yazame chini. Ungekasirika peke yako kwenye chumba cha ugeni, na mie huku ningengoja simu mpaka umeshapoa. Kwa hiyo nakupa mkononi ukiingia. Kaa ngazini usome, mie nitakuwa hapa jikoni. Ukitaka kunipigia kelele, zipige leo, nikiwa karibu.

Naogopa vitu viwili. Naogopa utakasirika, uondoke kesho hujanipa hata mkono. Hilo nitalivumilia, nimelichuma. Ninaloogopa zaidi ni kwamba hutokasirika. Utanionea huruma. Utakuja hapa jikoni na nywele zako mpya, utanikumbatia kwa nyuma, utasema, "Mama, mwaka mmoja mwengine tu, kuna vyuo hapa hapa London, yule Mtanga tutamtafutia pengine." Nakujua. Na wallahi najijua na mie. Ukinitazama usoni ukasema hivyo, sina hakika nitasema nini. Mwaka jana nilikuwa na mfereji wa kunifunikia sauti, na bado nilishindwa.

Basi nakujibu sasa, huko nje ukiwa bado hujauliza, nikiwa na akili zangu na kalamu yangu.

Hapana.

Usibaki. Si kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili yangu, si kwa wiki moja. Radhi zangu unazo zote, sikuzitilia sharti lolote. Na kama leo au kesho pale stesheni ya King's Cross nikikushika mkono, nikaanza kulia, nikasema maneno mengine yoyote, usinisikilize. Toa karatasi hii unioneshe. Mwandiko ni wangu na jina ni langu. Nimeshakataa.

Mama yako,
Mwanakombo